Mtaa Ishapika Nusu, Malizia

Cheki steji ya Roysambu saa moja na nusu usiku. Watu wanashuka mat wakiwa wamechapa tii, Thika Road imewakula lisaa na kitu, na kila kichwa iko na swali moja tu: leo tunamanga nini? Kuna wale washamaliza hiyo story, wameshika smokie mbili pasua hapo kwa toroli, kachumbari inadondokea njumu. Kuna wengine wako kwa simu wanacheki msee fulani wa majuu akipika sapa ya dakika 15. Huyo jamaa ako na jiko ya macho sita, oveni, friji ya milango mbili, na vitu zishakatwa zote ziko kwa vibakuli vya glasi. Nani alikata? Hatuonyeshwi. Dakika 15 gani hizo, bana?

Huku kwetu hesabu ni ingine. Unarudi kwa bedsita, jiko ni meko ya kilo 6, moto ni moja, sufuria ni mbili na moja ilipoteza mfuniko kitambo. Friji ni ile ya jirani, na jirani hamuongei. Lakini tuko na kitu yule jamaa hana. Kati ya steji na geti ya ploti yako kuna watu wamekuwa wakikupikia tangu saa nane mchana na hata hawajui jina yako. Mmoja amechemsha githeri. Mwingine amekaanga samaki. Wa chapo ako hapo, wa matumbo ako hapo, na mama mboga ameshika kisu anangoja tu useme "nikatie za mbao." So kupika chapchap hii Kanairo si ati mpaka uwe mkali wa kisu. Ni kujua nani ashafikisha kazi wapi, ndio wewe ukiwasha nare uanzie hapo. Hiyo barabara ya kutoka steji ndio jikoni yenyewe. Kwa keja unaenda kumalizia.

Wacha tuanze na mathe wa githeri na madondo, juu huyu ndiye watu hawampei heshima yake.

Madondo ni noma ya kuchemsha, na si ati ni wewe hujui kupika. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Ukipanda juu hivyo, maji inachemka kabla ifike digrii 100. Huku inachemka kwa karibu 94 na hapo haipandi tena, hata uwashe moto ya kiasi gani. Ndio maana madondo zenye zingeiva poa Mombasa zinakuchezea huku masaa mbili, tatu, na bado unauma unaskia ka kokoto. Sasa weka hiyo masaa kwa meko. Unakumbuka vile gasi imekuwa ikituzungusha: 2021 gava ikarudisha VAT ya asilimia 16, mwaka uliofuata ikashuka ikafika 8, 2023 ikatolewa kabisa, na bado kurefili mtungi wa kilo 6 ni pesa ya kufikiria. Mafuta taa nayo ilishachapwa Septemba 2018, bob 18 juu ya kila lita, ati kuzuia wale huchanganya na diseli. Stovu nyingi za mtaani ziligeuka mapambo hapo hapo. Kwa hivyo msee mmoja kuchemsha kikombe moja ya madondo kwa gasi yake, peke yake, usiku, ni kuchoma doo. Mathe anachemsha sufuria kubwa kwa makaa, anagawanya huo moto kwa ploti nzima. Ukinunua kwake unalipia kasehemu tu ka makaa.

Lakini usinunue ka umefungwa macho. Chukua dondo moja, ifinye na vidole. Ikipondeka laini mpaka katikati, wazi. Ikiwa na kiini ngumu, rudisha, na usiskie haya. Hii si maringo: madondo nyekundu zikikosa kuiva vizuri ziko na sumu yake ya asili, inaitwa lektini, na hiyo hukupeleka choo usiku kucha. Inaisha tu ka zimechemka kwa moto mkali angalau dakika 10, si ile ya kuchemka mosmos. Halafu onja. Wengine huweka magadi ndio ziive haraka. Kidogo haina ngori, lakini ikizidi utaskia ladha ya sabuni, na pia inaua vitamini fulani za B zenye ulikuwa unazilipia. Mathe mwenye hapendi uonje, huyo mpite.

Ukishapata githeri poa, kazi ya kwa keja ni dakika 15 za ukweli. Kitunguu kwa mafuta mpaka ianze kubrauni. Nyanya mbili, chumvi kidogo ndio zipondeke mbio. Waru moja, na hapa ndio siri: ikate vipande vidogo, saizi ya dondo yenyewe, isikucheleweshe. Hoho ka iko. Mwaga githeri na supu yake, usimwage hiyo supu, funika, wacha ichemke mpaka waru ilainike. Dania juu. Nusu ovacado kando. Kuna watu hukuambia githeri ni chakula ya shule, ya kuadhibiwa. Hao walipewa githeri yenye haikukaangwa, na ni ya kuhurumiwa kweli.

Na kabla niache hiyo story: mnakumbuka Githeri Man? Agosti 8, 2017, siku ya kura, msee wa Kayole akapigwa picha kwa laini akimanga githeri kutoka kwa karatasi ya plastiki. Nchi nzima ikamtambua. Mwisho wa mwaka akapewa medali na Prezo. Chenye watu husahau ni kwamba Agosti 28, mwezi hiyo hiyo, zile karatasi zikapigwa marufuku. Siku ishirini tu. Tangu hapo ukienda kwa mathe unabeba kibakuli yako yenye mfuniko. Weka kwa begi asubuhi ukienda jobo. Ni kitu ndogo lakini ndio hutenganisha msee mwenye hupika na mwenye hufika kwa mathe, akose mahali pa kuweka, aishie kwa smokie.

Mama mboga sasa. Huyu ameshatatua shida yenye hao wa majuu hununulia mashine. Sukuma yake inakatwa nyembamba mpaka unashangaa, na ananyoosha mkono bila kuangalia, akibonga na mteja mwingine juu ya mtoto wa nani ameingia high school. Haulipii kukatiwa. Unalipia mboga. Lakini kuna heshima zake. Usimpate saa mbili na nusu akifunga ndio uanze kuchagua jani moja moja. Usimwambie akukatie halafu uanze kusema M-Pesa inasumbua. Ukiwa mteja wa kila siku, mpigie ukiwa kwa mat pale Survey, mwambie "mathe, nikatie za thelathini na uniwekee nyanya nne zenye zimeiva." Ukifika unabeba tu. Na ataweka dania ya bure. Hiyo dania ni mkataba, ukihama mtaa utaijua bei yake.

Kitu moja ya kushtuka: sukuma zingine za hii city hulimwa kando ya mito zetu, na mito zetu mnazijua, zinabeba maji taka. Kwa hivyo suuza. Ingekuwa poa kuosha majani kabla ya kukatwa, ukimwambia mama mboga aoshe mbele yako ataosha. Ka zimekatwa tayari, pitisha kwa maji safi mara moja, haraka, chuja, usiziloweke kwa beseni ukienda kuoga. Zikiloweka zinaacha sehemu ya uzuri wake kwa hiyo maji na unaimwaga.

Halafu kupika. Hapa nitagombana na mathe wa watu wengi. Sukuma haitaki dakika ishirini na mfuniko mpaka igeuke rangi ya chupa ya bia. Inataka sufuria moto, mafuta, kitunguu, nyanya moja ka unapenda, halafu mboga yote kwa mara moja, chumvi, geuza, geuza, dakika 4 au 5, bila kufunika. Ukifunika inapoteza kijani. Toa ikiwa bado inang'aa na iko na kauzito kwa meno. Managu na terere ni story tofauti, hizo zinataka kuchemshwa kwanza na zikae na maziwa, ni mboga za Jumamosi. Siku ya kazi usizisumbue na zisikusumbue.

Juu tuko na moto moja, mpangilio ndio kila kitu. Wasee wengi hupika mboga kwanza halafu ugali. Matokeo ni sukuma baridi, imelegea, na unaipasha tena inakuwa mbaya zaidi. Geuza. Weka maji ya ugali kwa moto ukiingia tu, hata kabla uvue viatu. Ikichemka, unga, songa, wacha ijipike moto ikiwa chini, geuza tena, dakika 10 hivi. Ipindue kwa sahani na uifunike na hiyo sufuria yake. Ugali inashika joto nusu saa bila shida. Sasa moto iko free, na mboga ni dakika 5. Unakula zote zikiwa moto. Hii tu, bila kubadilisha kitu ingine, inakurudishia robo saa na hamu.

Unga nayo, kuna ile ya pakiti na ile ya posho mill. Ya pakiti, tangu 2012 sheria inasema iongezwe vitamini na madini. Ya posho mill haiongezwi, lakini ikisagwa nzima iko na kiini na ganda, ina ladha, na inashibisha mapema. Mimi ni timu ya posho mill, wacha nisikie wa pakiti akinipinga. Ile ya posho inataka dakika kadhaa zaidi kwa moto, usiitoe haraka.

Sasa, kuna siku mathe wa githeri hajakam. Mvua imenyesha, ama kanjo wamepita na kila mtu amehepa na sufuria. Hapo ndio unahitaji kitu yako kwa keja, na hiyo kitu ni kamande.

Sielewi mbona watu wa rika yetu hulala kwa kamande. Wengi huiona ka chakula ya Wahindi ama ya mtu ametolewa hosi. Wacha niwachanue. Kamande hailowekwi. Haichemki masaa. Kikombe moja, chagua mawe, suuza, vikombe tatu vya maji, dakika 25 hivi na imeiva, hata na hii altitudo yetu. Ile nyekundu iliyokobolewa ni haraka zaidi, dakika 15 inapondeka yenyewe. Iko na protini na chuma. Inakaa kwa kopo kavu miezi bila kuharibika, haitaki friji, panya akikosa kuijua mnakaa nayo kwa amani. Kikombe moja inalisha watu wawili na kesho asubuhi. Ikiiva mwaga kwa kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, nyanya na kijiko ya binzari ama mchuzi miksi yenye uko nayo. Ukiwa na tui ya pakiti, kijiko mbili tu, unafika Mombasa bila SGR. Chapo tatu kutoka kwa yule msee wa kona, na hiyo ni sapa yenye unaweza kumpikia manzi wa watu bila kuomba msamaha.

Ndengu pia ni fiti, lakini ndengu huitisha uiloweke ukitoka asubuhi. Ukikumbuka, sawa, jioni ni nusu saa na kidogo. Ukisahau, usijaribu.

Chapo, tukiwa hapo, ni kitu ya kununua siku ya kazi. Najua kuna watu wa "chapo ya nyumbani ndio chapo." Kweli. Jumapili. Kukanda, kuacha unga ipumzike, kusukuma, kukunja, kusukuma tena, kupika moja moja, hiyo ni masaa mbili na mgongo. Msee wa kona ako na meza, ako na pani kubwa na ako na mkono. Kazi yako ni kuiweka kitu ndani. Waganda washatuonyesha hii njia kitambo: pale Wandegeya, karibu na Makerere, chapati na mayai zikakunjwa pamoja zikaitwa rolex, na 2016 wakaifanyia mpaka tamasha Kampala. Siri yao ni kukatakata kabeji, nyanya na kitunguu ndogo sana ndani ya mayai, kukaanga ka kitu flati, halafu chapo inawekwa juu mayai ikiwa bado haijakauka vizuri ndio ishikane. Geuza, kunja. Dakika 4. Kwa pani ya keja inatoka vizuri tu.

Samaki na omena. Samaki usikaange kwa bedsita. Nimesema. Kuna mathe amekaa na karai ya mafuta moto tangu saa kumi, tilapia zimejipanga hapo, amekaanga mpaka mfupa wa kando unalika. Nunua, beba, kwa keja ifanyie mchuzi: kitunguu, nyanya nyingi, maji kidogo, limau, samaki anaingia dakika 7 tu anywe hiyo supu. Ukimwacha zaidi anapasuka.

Omena ni kitu ingine, juu imekauka tayari kwa jua huko ziwani, so ni chakula ya haraka toka kuzaliwa. Toa takataka, mwagia maji moto, suuza mara mbili mpaka mchanga iishe, chuja. Ikaange kavu kwanza na mafuta kidogo mpaka ianze kulia kwa sufuria, hapo ndio ile shombo inatoka. Halafu kitunguu, nyanya za kutosha, pilipili, limau mwishoni. Robo saa. Wenye hawapendi uchungu hutoa vichwa. Mimi siwezi kaa chini kutoa vichwa vya omena siku ya Jumanne. Shida si kupika, shida ni kwamba kitanda iko mita moja kutoka kwa jiko. Funga nguo za jobo kwa begi, fungua dirisha na mlango, na ukubali ploti nzima ijue unakula nini. Ama nunua ile ya kukaangwa tayari, ziko kwa masoko nyingi, unamalizia na nyanya tu.

Mmenotisi kitunguu na nyanya zinarudi kila mahali. Hiyo ndio kazi moja tu yenye naweza kushauri mtu afanye wikendi. Si zile kopo kumi na nne za plastiki za watu wa intaneti, chakula ya wiki nzima imepangwa ka faili za ofisi, Alhamisi unafungua unakutana na wali umechoka kuliko wewe. Pika tu nyanya na kitunguu. Shika nyanya za kilo mbili Githurai jioni, bei ikishuka, zile zimelainika ndio poa kwa hii kazi. Kaanga vitunguu nyingi pole pole, mwaga nyanya zote, chumvi, wacha ikauke mpaka mafuta ianze kutokea juu. Ka uko na friji inakaa siku nne, tano. Ka hauna, tengeneza kidogo ya siku mbili, ichemshe tena kila jioni, tumia kijiko safi, na ikianza kufanya mapovu bila moto, kwaheri. Nyanya iko na asidi, inajitetea kidogo, lakini si malaika.

Ukiwa na hiyo, Jumatatu pasua mayai tatu ndani ikiwa inachemka, funika dakika 6, kula na mkate. Jumanne omena. Jumatano minji zenye mama mboga ashazitoa kwa maganda. Hata ukiamua smokie, ikatekate ndani ya hiyo supu na sukuma, angalau inakuwa chakula. Sina vita na smokie, wala indomi. Indomi na yai na mkono ya sukuma imenyanyua comrades wengi pale Wendani mwezi ikiwa kona. Nina vita na indomi ya kila siku, tupu, ile pakiti ya chumvi yote ndani. Tia nusu.

Na comrades, hiyo coil ya kuchemshia ndani ya ndoo, wacheni. Hosteli wameikataza kwa sababu. Imeshika watu stima, na tokeni inaisha ukiiangalia.

Wali ndio nataka tuongee vizuri, juu hapa watu hujiumiza bila kujua. Pishori ya Mwea: kikombe moja, maji mbili, chumvi, mafuta tone. Ikichemka teremsha moto, dakika 10, zima gasi ikiwa bado na unyevu kidogo, funika vizuri na uizungushie leso ama taulo. Dakika 10 zingine inajimaliza yenyewe na moto iko free kwa kamande. Hiyo ni gasi umeokoa. Lakini wali wa jana uliolala kwa sufuria bila friji, usinipikie. Kuna bakteria, Bacillus cereus, mbegu zake hazifi mchele ukichemka. Wali ukikaa joto la kawaida usiku mzima zinaamka na kutoa sumu, na hiyo sumu, hata upashe mpaka iungue, haiendi mahali. Pika ya kutosha tu. Ukibaki, mpatie askari wa geti usiku huo huo ungali moto.

Hiyo story ya leso iko na kubwa yake. Shosho zetu na vikundi vya akina mama ocha wamekuwa na jiko kapu miaka mingi: kikapu imejazwa vitambaa ndani, sufuria inachemka kwa moto, inaingizwa humo, inafunikwa, inajipika bila moto. Bedsita haina nafasi ya kapu, lakini boksi ya katoni na ile blanketi nzito ya maua inafanya kazi hiyo hiyo. Madondo ziloweke usiku. Ngware ukiamka, maji mpya, zichemshe kwa moto mkali dakika 20 ukijipanga, zikiwa bado zinaruka weka mfuniko, funga kwa blanketi ndani ya boksi, enda jobo. Jioni ziko laini ama karibu kulainika. Zichemshe tena robo saa kabla ya kukaanga, hii usiruke. Rosecoco hukubali. Njahi hukataa, iko na kiburi. Ka uko na doo ya presha kuka, nunua, juu ndani yake maji inavuka digrii 110 na hii mlima yetu haina lingine. Lakini nimeona watu wananunua presha kuka kwa mkopo wa simu, na hiyo mkopo ikawapika wao kwanza.

Kuhusu kuitisha chakula na app: ukishaongeza nauli ya nduthi na ile ada ndogo yenye inatokea mwisho, umelipia kamande ya wiki mbili. Kuna siku inafaa. Siku ya homa, siku ya kuachwa. Siku zingine piga mguu mpaka kona.

Kitu ya mwisho ni sufuria ya ugali, juu wengi husema hawapiki si kwa sababu ya kupika, ni kwa sababu ya kuosha. Usikwangue usiku. Mwaga maji baridi ndani mara tu umetoa ugali, wacha ilale. Asubuhi ule ukoko unanyanyuka wenyewe ka karatasi. Na ile ugali ilibaki, ka imelala kwa friji, ikate vipande vyembamba, kaanga pande zote kwa mafuta kidogo na chumvi mpaka ifanye ngozi, kunywa nayo chai ya rangi yenye tangawizi. Dakika 6, ukihesabu na maji ya chai. Mat ya saa kumi na mbili na nusu bado utaishika, na kiti ya dirisha.